Moto wa umeme ni mkali kuliko wa gesi, kwa nini basi gesi ndiyo inayopinda bati?

#1 MwanaKarakana (Morogoro)

Habari za jioni wakuu. Nina karakana ya kunyoosha bodi za magari, na kwa miaka mingi tumekuwa tukichomelea kwa gesi ya oksijeni na asetilini, hadi mwaka juzi nilipopata mashine ya CO2, yaani ya umeme, inayosukuma waya wa mm 0.8. Tangu siku hiyo kuna jambo ambalo sijapata mtu wa kunieleza nikaridhika. Vitabu vinasema mwali wa asetilini uliowekwa sawasawa una nyuzi 3100 hivi za Selsiasi, na tao la umeme, yaani ule mwale unaoruka kati ya waya na chuma, lina nyuzi 6000 au zaidi. Chuma chenyewe kinayeyuka karibu na nyuzi 1500. Ningetegemea moto ulio mkali zaidi ndio uharibu zaidi, lakini ninayoyaona kwenye meza yangu ni kinyume kabisa: mlango uliochomelewa kwa gesi unajikunja kama jani kavu la mkungu, na ule wa mashine unabaki karibu ulivyokuwa.

Jana nilichukua futi nikapima ule mstari wa rangi unaobaki pembeni ya kiungo baada ya chuma kupoa. Kwenye kipande cha gesi, rangi ya buluu ilikuwa imetambaa milimita 35 kila upande. Kwenye kipande cha mashine haikufika milimita 10. Bati ni lile lile, unene ni milimita 1, na fundi aliyechomelea vyote viwili ni mmoja. Naomba maelezo kutoka kwa wanaojua.

#2 Fundi_Mkongwe (Tanga)

Salamu kijana wangu. Nimeshika gesi tangu mwaka 1984, na nakuambia kwamba tatizo haliko kwenye gesi, liko mkononi. Mafundi wengi wa leo wanatumia nozeli kubwa kwa sababu wanataka kumaliza haraka, kisha wanaanza upande mmoja wa kiungo na kwenda moja kwa moja hadi mwisho. Bati la milimita 1 linataka nozeli ndogo kabisa, mwali wa kati usiozidi oksijeni wala asetilini, na vituo vya kushikizia kila baada ya sentimita 3 au 4 kabla hujaanza kazi yenyewe. Halafu unachomelea kipande huku, unaruka, unachomelea kipande kule, na kiungo kikiwa bado cha moto unakigonga kwa nyundo juu ya chuma cha kukingia. Milango niliyoitengeneza hivyo imepigwa rangi na mwenye gari hakujua ilipokatwa.

#3 Mwalimu_Rehema (Dodoma)

Ahsante MwanaKarakana kwa kupima kabla ya kuuliza. Mimi ninafundisha uchomeleaji chuoni, na swali hili huulizwa karibu kila mwaka, kwa sababu tunachanganya vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kawaida tunaviita kwa jina moja. Nyuzi zinaeleza ukali wa moto, ilhali joto linaloingia kwenye chuma ni kiasi, nacho hupimwa kwa juli. Cheche za grainda zina zaidi ya nyuzi 1000 ndiyo maana zinang'aa, lakini zinakupiga mkononi siku nzima na hupati lengelenge. Chai ya nyuzi 90 ikikumwagikia mkono huo huo utatafuta dawa.

Sasa tazama mwali wa gesi ulivyo. Kile kikoni cheupe cha ndani ndicho chenye zile nyuzi 3100, na hapo asetilini inaungana na oksijeni ya mtungi tu, ikitoa kaboni monoksaidi na hidrojeni. Gesi hizo mbili zinamalizia kuungua nje, kwenye lile vazi la buluu, kwa oksijeni ya hewani. Takriban theluthi moja ya joto la asetilini inatoka kwenye kikoni, na theluthi mbili zinatoka kwenye vazi, ambalo linalamba bati sentimita kadhaa kuzunguka mahali unapotaka kuyeyusha. Tao la umeme halina vazi la namna hiyo. Joto lake linashuka kwenye doa la milimita chache, na eneo hilo linayeyuka kabla joto halijapata nafasi ya kukimbilia pembeni. Rangi ya buluu uliyoipima inatokea chuma kinapofika nyuzi 300 hivi, kwa hiyo futi yako imekuonyesha kwa usahihi kabisa umbali ambao kila moto ulisafiri.

#4 Kamukunji_Metal (Nairobi)

Mwalimu, nimesoma #3 kwa makini, na nakubaliana na maelezo ya mwali, ila sikubaliani kwamba hiyo ndiyo sababu ya kupinda. Sababu ni mwendo. Sisi hapa tunachomelea madirisha na mageti ya bomba la mraba kwa rodi, yaani kijiti cha chuma kinachopitisha umeme na kuyeyuka, hakuna gesi, na bado fundi mgeni akienda polepole fremu inajikunja mpaka kufuli haliingii. Tao ni lile lile, doa ni lile lile la milimita chache, na chuma kimepinda.

Hebu tuweke hesabu mezani. Mashine ya MwanaKarakana kwenye bati la milimita 1 itatumia kama ampea 60 kwa volti 17, ambazo ni wati 1020. Nozeli ndogo anayoisema Mzee inakula lita 80 hivi za asetilini kwa saa, na asetilini ikiungua yote hutoa karibu kilojuli 55 kwa lita, kwa hiyo tunapata kama wati 1220. Mnaona wenyewe kwamba wati zinakaribiana sana. Tofauti ni kwamba mashine inatembea milimita 7 au 8 kwa sekunde na gesi inatembea 2. Mashine inaacha kama juli 110 katika kila milimita ya kiungo, nikihesabu kwamba asilimia 80 ya nguvu inaingia kwenye chuma. Gesi, hata tukisema theluthi moja tu ya joto lake ndiyo inayoingia, inaacha juli 200. Mwenye kuacha joto mara mbili ndiye atakayepinda bati.

#5 Mwalimu_Rehema

Ndugu yangu wa Kamukunji, hesabu yako ni safi na nitaitumia darasani kwa ruhusa yako. Hata hivyo jiulize kwa nini fundi wa gesi anatembea milimita 2 kwa sekunde. Hajapenda. Anasubiri kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kitokee, na kidimbwi kinachelewa kwa sababu joto limetawanyika, na likitawanyika bati linaendelea kulinyonya na kulipeleka mbali. Mwendo ni mtoto wa mkusanyiko wa joto. Kuhusu mageti yenu, fundi wa rodi anayekwenda polepole anaipoteza kwa hiari ile faida ambayo tao lilikuwa limempa.

#6 Kamukunji_Metal

Ruhusa umepata Mwalimu. Bado nashikilia mwendo, kwa sababu mwendo ndio ninaoweza kuurekebisha kwa mkono wangu kesho asubuhi.

#7 BombaLaMuscat (Oman)

Salamu kutoka Muscat. Mimi nakagua viungo vya mabomba ya mafuta, na ninaomba kurekebisha jambo moja katika #1 kabla halijazoeleka. Nyuzi 6000 ni za tao, hazimo kwenye chuma. Chuma huchemka kwenye nyuzi 2860 hivi, kwa hiyo kidimbwi hakiwezi kufika 6000 hata ufanye nini. Kikikaribia kuchemka, joto la ziada linaondoka na mvuke. Kadhalika sehemu kubwa ya joto la tao haitoki katikati ya ule mwale unaong'aa, inazaliwa kwenye ncha zake mbili, pale umeme unapotoka kwenye elektrodi, yaani waya au rodi, na pale unapoingia kwenye chuma. Kwa hiyo kulinganisha 3100 na 6000 hakutufikishi mbali.

La pili ni kwamba uzi huu unaelekea kuona joto kidogo kuwa ni jema siku zote, nami kazini kwangu ninaogopa joto kidogo kuliko joto jingi. Tunaandika joto la kila kiungo kwenye daftari. Rodi ya milimita 3.2 kwa ampea 110 na volti 25 ni wati 2750. Ukitoa asilimia 20 inayopotea hewani zinabaki 2200. Fundi akitembea milimita 150 kwa dakika, anaacha kama kilojuli 0.88 katika kila milimita. Akikimbia zaidi kwenye bomba nene lisilopashwa moto kwanza, ule unene wa baridi unanyonya joto ghafla, na ukanda ulio pembeni ya kiungo unakuwa mgumu kama kisu cha kukatia chuma. Ukiongeza hidrojeni iliyotoka kwenye rodi iliyoshika unyevu, ufa unaweza kujitokeza siku ya pili, mkaguzi akiwa ameshaweka sahihi. Ndiyo maana rodi za 7018, zile za hidrojeni kidogo, tunazitoa kwenye oveni zikiwa na joto. Ndugu zetu wa Tanga, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, bila shaka wameyaona haya kwa macho.

#8 Fundi_Mkongwe

BombaLaMuscat amenisaidia pasipo kujua. Kiungo cha gesi kinapoa polepole, kwa hiyo kinabaki laini, unakigonga kwa nyundo kikakubali umbo. Kiungo cha waya wa CO2 kwenye bati jembamba kinapoa upesi, kinakuwa kigumu kama ukucha, na ukikigonga ili kunyoosha mlango kinapasuka pembeni. MwanaKarakana, umepima kupinda. Sasa gonga vyote viwili kwa nyundo, kisha uniambie kipi kimekubali kunyooka.

#9 Kijana_wa_Holda (Mwanza)

Wakuu shikamooni. Mimi ni mwanagenzi, naomba niingize swali lililo karibu na mada. Bosi wangu amenunua inveta, mashine ndogo ya kuchomelea, yenye matundu mawili, chanya na hasi. Mashine yetu ya zamani, ile transfoma ya mafuta iliyofumwa mtaani, haikuwa na habari hiyo, unachomeka tu popote. Fundi mmoja ananiambia holda, yaani kishikio cha rodi, ikae chanya ili ichimbe zaidi, mwingine anasema holda ikae hasi kwa sababu elektroni zinatoka kwenye hasi na kugonga chanya, na panapogongwa ndipo penye joto. Wote wawili wanaapa. Nimsikilize nani?

#10 Mwalimu_Rehema

Marahaba. Wote wawili wamesema jambo la kweli, kila mmoja kuhusu mashine tofauti. Kwenye TIG, uchomeleaji wa tao ambako elektrodi ni tungsteni isiyoyeyuka, kanuni ya elektroni inafanya kazi kama alivyoeleza huyo wa pili: ukiweka tungsteni hasi, takriban asilimia 70 ya joto inakwenda kwenye chuma na ncha ya tungsteni inapona. Tungsteni inastahimili hadi nyuzi 3422, kwa hiyo inaweza kuwa ya moto kiasi cha kumwaga elektroni kwa urahisi, na elektroni zinapotoka zinaondoka na sehemu ya joto lake, kama jasho linavyopoza mwili.

Rodi ya chuma haiwezi hivyo. Chuma kinayeyuka na kuchemka kabla hakijafika ukali wa kumwaga elektroni kwa namna hiyo, kwa hiyo upande wa hasi unalazimika kuzitoa kwa shida kwenye madoa madogo yanayorukaruka, na joto linajazana huko. Ukiweka rodi hasi inayeyuka upesi na kuchimba kidogo. Ukiiweka chanya inachimba zaidi. Soma kilichoandikwa kwenye pakiti ya rodi, maana unga uliopakwa nao una usemi wake.

#11 Kamukunji_Metal

Mwalimu, kwa rodi nimesikia maelezo tofauti kutoka kwa mhandisi aliyetufundisha hapa: kwamba rodi ikiwa chanya, kinachochimba ni nguvu ya matone na gesi zinazosukumwa kutoka kwenye ncha kuelekea kidimbwini, wala si mgawanyo wa joto. Ukiangalia kwa kioo kizuri unaona kabisa kidimbwi kimebonyezwa katikati.

#12 BombaLaMuscat

Nimewasikia wahandisi wakibishana kuhusu hilo hilo kwenye chai. Yote mawili yanatendeka kwa pamoja. Kuhusu ile transfoma ya mafuta ya Kijana_wa_Holda, umeme wake ni mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tao linazimika na kuwaka mara 100 katika kila sekunde. Kinachoamua kama litawaka tena ni ule unga. Rodi ya 6013 ina potasiamu, ambayo mvuke wake unapitisha umeme kwa urahisi, na ndiyo sababu inakubali kwenye mashine za mtaani ambako rodi nyingine zinagoma na kunata.

#13 Fundi_Friji (Mombasa)

Hamjambo. Nimefuata uzi tangu mwanzo nikisubiri mtu ataje shaba. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085, chini kabisa ya chuma, lakini jaribu kuyeyusha kipande cha milimita 6 ndipo utakapojua kwamba nyuzi za kuyeyukia hazikwambii lolote kuhusu kazi. Shaba inapitisha joto karibu mara nane kuliko chuma cha kawaida. Unawasha moto hapa, mwisho wa bomba kule unakuunguza vidole, na hapa penyewe hapajabadilika hata rangi. Mabomba ya friji siyayeyushi kabisa. Ninaunga kwa rodi ya shaba yenye fosforasi, ambayo inatiririka kuanzia nyuzi 710 hivi, na bomba lenyewe linabaki zima. Huo nao ni uchomeleaji.

#14 Kalamu_ya_Chuma (Zanzibar)

Fundi_Friji, hapo mwisho nakupinga kwa upole. Kwa lugha tuliyorithi, kazi yako ni kulehemu: unayeyusha kiungio, vipande vyenyewe haviyeyuki. Kuchomelea tunakokujadili hapa ni kuyeyusha kingo za vipande vyote viwili hadi vichanganyike katika kidimbwi kimoja na kuganda pamoja. Fundi baiskeli anayeunga fremu kwa shaba ya njano naye analehemu. Najua kamusi zinatumia neno kulehemu kwa mapana zaidi, na najua watu wa friji mna fahari yenu, lakini tukiyachanganya maneno mwanagenzi hataelewa kwa nini kiungo kimoja kinabandukana kikipata moto na kingine hakibandukani.

#15 Fundi_Friji

Sheikh, kiungo changu kinashika gesi kwa miaka kumi bila kuvuja hata tone. Kiite jina unalolitaka.

#16 SufuriaNaRejeta (Bukoba)

Kwa kuwa shaba imetajwa, alumini ndiyo iliyonifundisha adabu. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksidi ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 2072. Mara ya kwanza nilipoishika kwa gesi nilikuwa nasubiri iwe nyekundu kama chuma. Haiwi. Ilibaki na mng'ao ule ule, uso ukakunjamana kidogo kama utando wa maziwa yanayotaka kuchemka, kisha eneo zima la ukubwa wa kiganja likaanguka sakafuni. Ndani ilikuwa imeshakuwa maji, na ngozi ndiyo iliyokuwa imeyashikilia. Siku hizi natumia TIG ya mkondo geu: elektrodi inapokuwa chanya ile ngozi inavunjwavunjwa, inapokuwa hasi joto linaingia kwenye kazi, na ukiangalia vizuri unaona ukanda mweupe uliosafishwa ukitangulia kidimbwi.

#17 Kijana_wa_Holda

Ahsanteni kwa majibu. Naomba ushauri wa jambo lililonipata wiki iliyopita. Nilichomelea mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, kutwa nzima, ndani ya banda lililofungwa. Kidimbwi kilikuwa kinatoa mapovu na kubaki na matundu, na hewani kulikuwa na vitu vyeupe kama sufi vinaelea. Usiku nilitetemeka kama mwenye malaria, nikatokwa na jasho, na kinywani nilihisi ladha ya chuma. Kesho yake jioni nilikuwa mzima. Mafundi wanasema ningekunywa maziwa kabla ya kazi.

#18 BombaLaMuscat

Pole sana mdogo wangu. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na chuma kinataka 1500 ndipo kiyeyuke. Kwa hiyo kabla hujapata kidimbwi, zinki yote ya eneo hilo imeshakuwa mvuke. Sehemu yake inapenya kwenye chuma kilichoyeyuka na kuacha matundu uliyoyaona, na inayobaki inaungua hewani kuwa ile sufi nyeupe uliyoivuta. Homa yake ndiyo hiyo uliyoieleza. Safisha zinki kwa grainda sentimita chache kila upande huku umevaa barakoa, fanyia kazi nje, na simama upande ambao upepo unatoka. Maziwa yanakwenda tumboni, na moshi unakwenda kwenye mapafu. Ukibanwa na kifua au homa isipoondoka, nenda hospitali ueleze ulichokuwa ukikifanya.

#19 Fundi_Mkongwe

Maziwa nimekunywa miaka arobaini na niko hapa.

#20 Mwalimu_Rehema

Mzee wangu, nakuheshimu sana, na ninaamini kilichokuweka hapa ni kwamba siku zote umefanyia kazi chini ya mwembe.

#21 MtotoWaReli (Tabora)

Nimekuja kwa kuchelewa. Mmejadili gesi na umeme, na moto wa tatu mmeusahau, ambao hauhitaji mtungi wala nyaya. Viungo vya reli vinavyochomelewa njiani, hasa wakati wa matengenezo, vinatumia unga wa alumini na oksidi ya chuma. Alumini inainyang'anya oksidi ile oksijeni yake, na ugomvi huo unatoa joto la nyuzi 2500 hivi, kiasi kwamba chuma kinazaliwa kikiwa tayari kimeyeyuka. Mjerumani Hans Goldschmidt ndiye aliyeitengeneza njia hii mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1899 ikatumiwa kwenye reli za tramu mjini Essen.

Nimesimama karibu na kazi hiyo. Wanaacha nafasi ya milimita 25 hivi kati ya reli mbili, wanazungushia kalibu ya mchanga, wanapasha ncha za reli kwa gesi mpaka ziwe nyekundu, kisha wanawasha chungu kilicho juu. Kwa nusu dakika hivi huwezi kukitazama bila miwani. Kisha kizibo cha chini kinayeyuka chenyewe, chuma kinashuka kwanza kwa sababu ni kizito, na takataka za alumini zinafuata na kubaki juu. Hapa kuna jambo linalohusu swali la #1: joto lote limeletwa na chuma chenyewe kilichomiminwa, hakuna mwali wala tao, na kama ncha za reli hazikupashwa vya kutosha, kile chuma cha nyuzi 2000 na ushei kinaganda juu yake bila kushikana.

#22 Kamukunji_Metal

Nauliza kwa kutaka kujua: reli mpya za SGR, za kwenu na za kwetu, zinaungwa hivyo hivyo?

#23 MtotoWaReli

Reli ndefu kwa kawaida huungwa kwanza kwa umeme: ncha mbili zinagusanishwa, mkondo mkubwa unapita, ukinzani wa mahali zinapogusana unazipasha mpaka zinarusha cheche, kisha zinasukumwa kwa nguvu zikashikana. Ile njia ya chungu inabaki kwa maunganisho ya njiani. Kalamu_ya_Chuma anaweza kutuambia kama hiyo ya kusukuma ihesabiwe kuwa ni kuyeyusha, kwa sababu chuma kilichoyeyuka chote kinatemwa nje, na kinachoshikana ni kile kilicholainika tu.

#24 Kalamu_ya_Chuma

Kwa maelezo hayo, huo ni uhunzi uliopewa umeme. Babu zetu waliokuwa wakiunganisha vyuma viwili vyekundu kwa nyundo wangeutambua mara moja.

#25 BombaLaMuscat

Nirudi kwenye ubishi wa #4 na #5, maana naona haujaisha. Hapa karibuni tumeletewa mashine ya leza ya kushika mkononi, yenye wati 1500. Hizo ni chache kuliko wati 2750 za rodi yangu ya 3.2. Lakini doa lake ni dogo mno, kiasi kwamba chuma kinachemka papo hapo, mvuke unakisukuma pembeni, na mwanga unaingia ndani ya tundu lililotokea badala ya kubaki juu juu. Inatembea haraka, na bati la milimita 1 unaweza kulishika karibu na kiungo muda mfupi baada ya kumaliza. Hii inampa nguvu Mwalimu. Hata hivyo niliwaambia vijana wapunguze mwendo hadi nusu wakati nguvu ni ile ile, na bati likapinda mbele ya macho yetu. Hiyo inampa nguvu Kamukunji. Na kwenye shaba inayong'aa, sehemu kubwa ya mwanga ilirudi ulikotoka, jambo ambalo Fundi_Friji atalifurahia.

#26 MwanaKarakana

Nawashukuru wote. Jumamosi nilifunga karakana mapema nikafanya jaribio. Nilikata vipande vinne vya bati la milimita 1, vyenye urefu wa sentimita 30, nikavibana kwa klempu kwenye meza. Kiungo cha kwanza nilikifanya kwa gesi kwa nozeli ndogo, kwa vituo na kurukaruka kama alivyoagiza Mzee, na cha pili kwa mashine, moja kwa moja bila kusimama. Cha gesi kiliinuka katikati milimita 6, na cha mashine milimita 4. Sikutegemea vikaribiane hivyo, maana kazi zetu za zamani za gesi zilikuwa zinainuka hata sentimita moja na nusu.

Kisha nikavigonga kwa nyundo. Cha gesi kilinyooka mpaka rula ikalala juu yake. Cha mashine kilishuka hadi milimita 2, halafu nikasikia mlio mdogo, na nilipokileta kwenye mwanga nikaona ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kucha, ukifuata ukingo wa kiungo.

#27 Fundi_Mkongwe

Nakushukuru kijana wangu kwa kuniamini ukajaribu.

#28 Mwalimu_Rehema

Kazi nzuri sana. Lakini kuna jambo moja linanizuia kupokea vipimo hivi. Bati linapopata moto linataka kutanuka, sehemu ya baridi iliyo pembeni inalizuia, kwa hiyo linajibana lenyewe. Likipoa linakuwa fupi kuliko lilivyoanza, na hapo ndipo linapovuta na kupinda. Mvutano huo wote unatokea wakati wa kupoa. Je, ulifungua klempu vipande vikiwa vimepoa kabisa, na vyote viwili baada ya muda ule ule?

#29 MwanaKarakana

Mwalimu, cha mashine nilikifungua baada ya dakika moja hivi kwa sababu kilionekana kimepoa. Cha gesi nilikiacha kwenye klempu nikaenda kunywa chai.

#30 Kamukunji_Metal

Basi rudia ndugu yangu, na safari hii weka saa mezani uandike na mwendo.

#31 MwanaKarakana

Nina bati la kutosha vipande sita. Jumamosi ijayo vyote vitakaa kwenye klempu nusu saa, na kipande cha tatu nitakichomelea kwa mashine kwa vituo na kurukaruka kama kile cha gesi.

#32 Fundi_Mkongwe

Na cha nne ukichomelee kwa mashine, kisha ukipitishe polepole kwenye vazi la nje la mwali wa gesi kabla hujakigonga. Nataka kujua kama bado kitapasuka.